Sura ya Tano: Siku Saba Kabla ya Marudiano

Goli la nne lilipoingia, upande wa kushoto wa kibanda ulikufa ganzi. Upande wa kulia, walikokaa watu wa Yanga ambao tangu asubuhi walikuwa wamegeuka watu wa Kaizer Chiefs, benchi zima liliinuka na vumbi likapanda hadi kwenye bati. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Mei 2021. Tulikuwa Somanda, mjini Bariadi, ndani ya kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, kila mmoja amelipa shilingi 500 kuangalia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika iliyokuwa ikichezwa Johannesburg. Simba imefungwa 4-0. Mbele yangu alikaa mkulima mmoja wa pamba, mtu mzima, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasema taratibu: "Huyu kocha hakutuuliza."

Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo naona kwamba maneno yake matatu yalikuwa mazito kuliko yote niliyoyasikia redioni wiki nzima iliyofuata. Kocha wa Simba, anayelala Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi, amuulize mkulima wa Somanda jambo gani? Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa miaka, na kila timu zetu zinapofika hatua ya mtoano linarudi lilivyokuwa.

Nieleze kwanza tulikotoka. Msimu ule Simba ilimaliza kinara wa kundi lake kwa pointi 13, juu ya Al Ahly ya Misri waliokuwa mabingwa watetezi. Ilikwenda Kinshasa ikamfunga AS Vita 1-0. Ikamleta Al Ahly kwenye uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, na goli la Luis Miquissone likatosha. Katika mechi sita za makundi iliruhusu magoli mawili tu. Halafu usiku mmoja ikaruhusu manne. Beki wao Eric Mathoho alifungua mapema, Samir Nurkovic akaweka mawili, Leonardo Castro akapigilia la mwisho. Na hawa Chiefs ndio wale ambao Wydad ya Morocco iliwafunga 4-0 kwenye makundi. Kwa watu wa kwetu, ambao utajiri umehesabiwa kwa mifugo tangu enzi za mababu, hesabu ile haikukubali. Ukipoteza ng'ombe mmoja kwa mwaka unanyamaza. Ukipoteza zizi zima kwa usiku mmoja, huwalaumu ng'ombe, unamwita mchungaji.

Mchungaji alikuwa Didier Gomes, Mfaransa, na siku saba zilizofuata alikuwa mtu aliyetajwa kuliko wote Somanda.

Mtu asiyefuatilia mtoano wa Afrika hawezi kuelewa uzito wa siku hizo saba. Mechi ya kwanza imekwisha, ya marudiano bado. Matokeo yapo lakini hayajakamilika, kama kesi iliyosikilizwa upande mmoja. Kwenye ligi ukifungwa Jumamosi, kuna mechi nyingine na nyingine, na hasira inapoa yenyewe. Kwenye mtoano hasira inapewa wiki moja ya kukaa na watu: inaamka nao, inakwenda nao shamba, inarudi nao. Kila mtu anajua kosa limeshafanyika na anaamini bado linarekebishika, ila mwenye uwezo wa kulirekebisha ni mtu mmoja tu, na humwoni.

Mei kwetu ni mwezi wa pamba. Kuchuma pamba ni kazi ya mikono, mdomo unabaki huru. Jumatatu ile nilikuwa kwenye shamba la jamaa, na mstari kwa mstari hakuna kilichozungumzwa isipokuwa kikosi. Ugenini unachezaje na kiungo mkabaji mmoja? Kona ya kwanza inapigwa, nani anamkaba mrefu wao? Kwa nini tulipanda kama tupo kwa Mkapa? Mchana, watu walipokaa kivulini kula michembe na chai, kijana mmoja alichukua vitumba vya pamba kumi na kimoja, akavipanga ardhini, akatuonyesha jinsi nafasi ilivyobaki wazi kati ya viungo na mabeki kila Simba ilipopoteza mpira. Akakitoa kitumba kimoja kutoka mbele, akakirudisha nyuma kuwa namba sita wa pili. "Hapa," akasema, "hapa hawapiti." Wazee kwa vijana waliinama kuangalia. Mpaka leo nikitazama kitabu chenye michoro ya mbinu za mpira naona vitumba vile.

Nayasema haya kwa sababu kuna watu, wengi wao wenye kalamu na vipaza sauti, wanaoamini kwamba shabiki anapomlaumu kocha ni hasira ya kufungwa tu. Si kweli. Wiki ile sikumsikia mtu hata mmoja akisema Gomes ni mtu mbaya. Nilisikia hesabu. Chiefs wana manne. Sisi tukipata manne tunakwenda penati, kwa kuwa robo fainali za CAF hazina dakika 30 za nyongeza. Wao wakipata moja tu Dar, lile ni goli la ugenini, na sisi tutatakiwa kufunga sita. Hesabu hiyo ilifanywa na watu wanaosubiri zamu kwenye mizani ya chama cha ushirika, AMCOS, wengine wamekalia magunia yao, bila karatasi. Na ilikuwa sahihi.

Marudiano yalifika Jumamosi ya tarehe 22. John Bocco alifunga mawili. Clatous Chama akafunga la tatu zikiwa zimebaki dakika chache. La nne halikuja. Simba 3, Chiefs 0, na Chiefs wakasonga kwa jumla ya 4-3.

Ungedhani ushindi ule ungepooza watu. Uliwachoma zaidi. Tungefungwa tena, tungesema wametuzidi, tukaenda kulala. Lakini 3-0 ilikuwa ushahidi kwamba timu ilikuwa na uwezo na kwamba kilichopotea Johannesburg kilipotea ubaoni kabla hakijapotea uwanjani. Mtu anayegundua kwamba alikuwa na haki usiku ule ule anaopoteza kesi hana pa kuipeleka furaha ya kuwa na haki.

Jioni ile nilipita kwa babu, ndugu wa babu mzaa mama, aliyekuwa mchezaji wa ngoma wa chama cha Wagika enzi za ujana wake. Hakufuata mpira. Aliniona uso, akauliza kuna msiba gani. Nikamweleza yote: mechi ya kwanza, wiki nzima, marudiano, kocha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lililonipa sura hii.

"Sasa watu walihamia upande gani?"

Sikuelewa. Akarudia. Nikamjibu kwamba hakuna aliyehama, babu, mpira si hivyo, mtu wa Simba ni wa Simba. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi mjukuu wangu, huyo kocha ataambiwaje kwamba amekosea?"

Ili swali lake lieleweke, inabidi niseme mashindano ya mbina, yaani ngoma zetu, yanavyokwenda. Usukuma wote, na sisi Wanyantuzu wa Bariadi tukiwemo, tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu. Wanasimulia kwamba vilianzia kwa wachezaji wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu kwa ngoma na kwa dawa za kuvuta watu. Mpaka leo kila Juni, baada ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, mashindano makubwa ya Bulabo huvuta umati Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na baada ya mavuno vijiji vingi huwa na yao. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja na duara lake. Hakuna refa wa kuhesabu magoli. Watazamaji wanasimama wanapopenda, na wakivutwa na upande mwingine wanakimbilia huko. Kundi lenye umati mkubwa ndilo mshindi.

Anayeongoza kundi anaitwa ningi. Ndiye mtunzi na mwimbishaji, ndiye anayeamua wimbo gani sasa, mchezo gani ubaki akiba, nyoka wa kucheza nao watolewe lini. Ni kocha kwa kila maana ya neno hilo. Tofauti ni kwamba uamuzi wake unajibiwa papo hapo. Akichelewesha wimbo, anaona migongo ya watu. Akiona vumbi linaelekea kwa mwenzake, anajua amekosea kabla hajaambiwa, na bado ana muda wa kubadili. Watazamaji hawahitaji kupiga kelele wala kutukana. Miguu yao inatosha. Ningi anawauliza kila dakika, na wao wanamjibu kila dakika.

Babu aliuliza, basi, swali la mtu aliyekulia kwenye uwanja ambao mtazamaji ana kura. Na mimi nikaona mara ya kwanza kwamba mkulima yule wa kibandani alisema jambo hilo hilo. Shabiki wa Simba au Yanga amepokea timu yake kama anavyopokea ukoo. Klabu hizi zina umri wa wazee wetu, Yanga tangu 1935, Simba tangu 1936, na nyumba nyingi hapa zilishagawanyika kabla watoto hawajazaliwa. Miguu yake imefungwa. Hata Simba icheze vibaya namna gani, hawezi kuvuka kwenda upande wa kulia wa kibanda. Na kwa kuwa yeye hawezi kuhama, analazimika kumhamisha mtu, na kwenye klabu nzima mtu anayehamishika upesi ni kocha. Wachezaji wana mikataba na kuwabadili kikosi kizima ni gharama. Viongozi wana katiba yao.

Angalia tu orodha. Kati ya Oktoba 2021 na Aprili 2024, muda usiofika miaka mitatu, Simba iliachana na Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Abdelhak Benchikha. Pablo alitolewa na Orlando Pirates kwa penati 4-3 kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho 2022. Robertinho akatolewa na Wydad kwa penati 4-3 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023, baada ya kila timu kushinda 1-0 kwake. Mikwaju ya penati inaweza kwenda popote, na sidhani kama kuna kocha wa kulaumiwa kwa nguzo au kwa kipa aliyeruka vizuri. Lakini akina nani wapige, kwa mpangilio gani, ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Na si sisi tu. Huko Amerika Kaskazini wana hoki ya barafuni, mchezo wa magongo unaochezwa kwa viatu vyenye visu vya chuma juu ya barafu, na mtoano wao si wa mechi mbili. Timu mbili zinakutana mpaka moja ishinde nne, kwa hiyo zinaweza kufika mechi saba ndani ya wiki mbili. Mwaka 2023 Boston Bruins waliingia kwenye mtoano wakiwa wameshinda mechi 65 kati ya 82 za msimu, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa kwenye ligi ile. Waliongoza 3-1 dhidi ya Florida Panthers. Wakapoteza tatu mfululizo, ya mwisho nyumbani kwao kwenye muda wa nyongeza. Msimu mzima kocha Jim Montgomery alikuwa akiwapokezanisha makipa wawili. Ulipofika mtoano akamkalisha mmoja langoni mechi sita, Linus Ullmark, kisha mechi ya saba, siku ya kufa au kupona, akamwingiza Jeremy Swayman ambaye hakuwa ameanza hata moja kati ya zile. Kila shabiki wa Boston alikuwa na swali moja: kama ulikuwa na nia ya kubadilisha, kwa nini si mechi ya tano? Nilipoisoma habari hiyo niliona vitumba vya pamba ardhini. Wao walipata wiki mbili za kumwangalia kocha asibadilike, sisi tulipata dakika 90. Sijui ipi inauma zaidi, lakini nasadiki maumivu ni ya ukoo mmoja.

Turudi Somanda. Usiku wa Januari 21, 2024, kibanda kile kilikuwa na upande mmoja tu. Taifa Stars ilikuwa San Pédro, Ivory Coast, ikicheza na Zambia kwenye AFCON. Siku nne nyuma ilikuwa imefungwa 3-0 na Morocco, na CAF ikamfungia kocha Adel Amrouche mechi nane kwa kauli zake juu ya Morocco. Benchi likabaki kwa Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco, akisaidiwa na Juma Mgunda. Simon Msuva akafunga mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi baada ya Roderick Kabwe kuonyeshwa kadi nyekundu. Tanzania haikuwa imeshinda mechi hata moja ya fainali za AFCON, si 1980, si 2019. Sasa tuna goli, tuna mtu wa ziada, tuna kipindi kizima.

Na kipindi kizima tulirudi nyuma. Nilikuwa nimekaa kati ya mtu wa Simba na mtu wa Yanga na wote wawili walikuwa wakisema neno moja, "panda, panda, panda," kwa sauti ya chini, kama watu wanaomwombea mgonjwa. Dakika ya 88 Patson Daka akapiga kichwa. 1-1. Hakuna upande ulioruka. Kocha akitazama kutoka mstarini anaona miguu iliyochoka, anaona hatari ya kupigwa mpira wa nyuma, anaona pointi moja ambayo si haba baada ya kufungwa tatu. Sisi tuliona watu kumi wakisukuma watu kumi na mmoja. Nimejaribu kwa uaminifu kusimama upande wa kocha katika hili, na nimeshindwa. Ukiwa na mtu wa ziada, mpira ni wako kuushika. Tuliuacha.

Yanga walinifundisha upande mwingine, na nawashukuru kwa hilo. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ya kwanza, kwa Mkapa. USM Alger wanaongoza. Fiston Mayele anasawazisha zikiwa zimesalia dakika chache, na Somanda nzima ya njano inatoka nje kupiga kelele barabarani. Kabla hawajarudi kukaa, Waalgeria wamefunga la pili. 2-1. Siku sita baadaye, Juni 3, Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penati ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, na kombe likaenda kwa goli la ugenini.

Fanya hesabu waliyoifanya watu wa Yanga usiku ule. Baada ya Mayele kusawazisha, kama timu ingetulia, ikashikilia 1-1 kwa dakika zile chache, ushindi wa Algiers ungeleta kombe Jangwani, nyumbani kwa Yanga. Kosa la dakika chache, wakati kocha Nasreddine Nabi na wachezaji wake walitaka la pili kwa moyo wote mbele ya watu wao. Kwa kanuni ya kibanda, Nabi alipaswa kuwa adui. Haikuwa hivyo. Alipoondoka baadaye mwezi ule ule, watu wa Yanga waliokuwa wakikaa kulia kwangu walimhuzunikia kama ndugu anayehamia mbali. Nilimuuliza jirani yangu, dada mwenye duka la vocha, kwa nini. Akasema: "Kaka, Dar alikosea na sisi, tulikosea wote, hata mimi nilikuwa nasema twende mbele. Algiers akarekebisha. Unataka nini tena kwa mtu?"

Alikosea na sisi. Hapo ndipo nilipolielewa neno la mkulima. Kuulizwa si kupigiwa simu. Ni kuona mbele ya macho yako kwamba mtu aliye mstarini anaona unachokiona, kwamba migongo ya watu inamfikia japo hakuna aliyehama. Nabi alipata siku sita akazitumia, na watu waliona amezitumia.

Didier Gomes alipata nafasi ya pili pia. Oktoba 2021 Simba ilikwenda Gaborone ikamfunga Jwaneng Galaxy 2-0. Jumapili ya tarehe 24, marudiano kwa Mkapa, Larry Bwalya akafunga kabla ya mapumziko. Jumla 3-0 na dakika 45 za kucheza. Mapumziko yale watu walitoka kibandani kununua karanga, wengine hawakurudi, wakaona imekwisha. Kipindi cha pili Galaxy walifunga mara tatu. Jumla 3-3, na wao ndio waliofunga matatu ugenini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkulima wa kofia alikuwa benchi lile lile. Safari hii hakusema kitu, na kofia haikutoka kichwani.

Tarehe 26 ilitangazwa kwamba Gomes ameondoka. Nilikwenda kwa babu jioni, mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia na alikuwa amekaa nje akichonga mpini wa jembe. Redio ya jirani ilikuwa ikiieleza habari hiyo kwa sauti kubwa.

"Ndiye yule wa mwezi wa tano?" akauliza.

"Ndiye, babu."

"Na watu?"

"Watu wapo pale pale."

Akauinua mpini, akaufumbia jicho moja kuona kama umenyooka, akaurudisha chini akaendelea kuchonga.